Masikio ya Bondeni

Mchore kichwani mwako Amos Tranmer akifika. Ni Jumapili, mwishoni mwa Agosti, jua la mchana limetulia juu ya mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, naye anasukuma baiskeli kwenye njia ya changarawe iendayo nyumbani kwa Pip Storr, nje kidogo ya Withernsea, mji wa pwani. Mtu mrefu, mabega yameanza kushuka, kofia ya sufu kichwani hata siku ya joto, na darubini inaning'inia kifuani kama wanaume wengine wavaavyo tai. Kwenye kikapu cha baiskeli mna keki ya jibini mbichi aliyooka mkewe, imefunikwa kwa kitambaa cha jikoni. Amefika getini. Mkono uko kwenye komeo. Lakini haingii.

Haingii kwa sababu ndani ya ua wa miti, karibu kabisa na uso wake, yuko kidhahabu. Huyo ndiye ndege mdogo kuliko wote katika nchi yao, mwepesi kama bahasha tupu, mwenye mstari wa dhahabu utosini. Anaruka kitawi hadi kitawi, anafunua mdomo, anafumba, anafunua tena, na koo lake linatetemeka. Anaita. Mtu yeyote angeona kwamba anaita. Na Amos hasikii chochote. Anamtazama kama unavyomtazama jirani anayesema nawe nyuma ya dirisha lililofungwa.

Alisimama hivyo mpaka ndege alipojiendea zake, ndipo akafungua geti.

Usimdhanie kuwa kiziwi. Ukimwita ataitika. Anasikia honi ya meli, anasikia mvua juu ya paa, anamsikia mkewe akimsema kutoka chumba cha pili. Kilichomtoka ni zile sauti nyembamba za juu kabisa, na kwa bahati mbaya hizo ndizo zilizomfanya awe Amos.

Maana huyu bwana hakuwa mtu wa kutajwatajwa. Alizaliwa Hull, mtoto wa mpakuaji samaki bandarini. Shule aliiacha mapema, akaingia kiwanda cha mbao, akasimama mbele ya msumeno wa umeme mpaka alipostaafu. Haimbi, hachezi, hana maneno mengi. Kwenye mpira walikuwa wakimweka golini kwa kuwa hakuna aliyejua pengine pa kumweka. Lakini alizaliwa na masikio. Wapenzi wa ndege wa pwani ile hukaa juu ya tuta la bahari mwezi wa Oktoba na chupa zao za chai, wakingoja kitakacholetwa na upepo, na katika miaka ya Amos hawakuwa wakitazama angani. Walikuwa wakitazama kichwa cha Amos. Kikiinama upande, kila mtu anaweka kikombe chini.

Kila vuli watu wanne walisafiri pamoja kwenda Shetland, visiwa vya kaskazini kabisa, ambako miti yote ukiikusanya pengine haitajaza uwanja wa mpira. Ndiyo sababu wanakwenda. Ndege mchanga anatoka Siberia akielekea kusini mwa Asia, anakosea njia, upepo wa mashariki unamchukua, anavuka bahari bila pa kutua. Akiona kichaka atashuka tu. Na kama vichaka vyenyewe ni vya kuhesabika, unajua pa kumtafuta.

Wa kwanza kati ya wanne hao alikuwa Amos. Pip mwenyewe, muuguzi mstaafu na mjane, aliyepika na kutoa amri. Lewin Cawood, aliyekuwa mwalimu wa jiografia, ambaye husoma ramani za upepo kama watu wengine wanavyosoma matokeo ya mpira. Na Bernard, ambaye mwaka huu nyonga zake zimegoma. Mahali pa Bernard pamechukuliwa na Gwenda Lisle, dereva wa basi kutoka Hull, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyejifunza ndege kwa kuwatazama mwisho wa ruti wakati wa mapumziko yake.

Kule kisiwani kila mtu alikuwa na njia yake ya kupita asubuhi. Lewin alifuata kuta za mawe za mashamba ya viazi. Pip alipita kwenye bustani za watu, kwa sababu ana ulimi wa kuomba ruhusa na tumbo la kukubali chai ya kila nyumba. Bernard alipewa ufukwe wa mwani uliooza, ambako ndege hukimbia wazi mbele ya macho yako na huhitaji sikio. Walikuwa wakimtania kwamba ile ni njia ya wagonjwa, na aliyemtania kuliko wote ni Amos. Amos mwenyewe alikuwa na Bondeni.

Bondeni ni kijibonde kifupi chenye kijito, na miti mifupi iliyopindishwa na upepo mpaka ikashikana. Ndege akiingia mle humwoni. Kwanza umsikie, ujue yuko mti gani, ndipo usimame kimya mpaka atoe kichwa. Ukikosa sikio utapita Bondeni mwanzo hadi mwisho na utoke ukidhani pako patupu. Amos akitoka upande wa pili alikuwa akipanda kilimani, anapunga mkono, anapaza sauti: "Pasafi." Yaani hamna kitu, twendeni tukanywe chai. Na akishasema pasafi, hakuna aliyeingia tena. Hiyo ilikuwa sheria, ingawa hakuna aliyeitunga.

Lakini Bondeni hupewi bure. Kila Agosti, kabla ramani haijafunguliwa mezani, Pip alipiga kanda ya kaseti yenye sauti za ndege, mmoja baada ya mwingine, na kila mtu alitaja anayemsikia. Waliiita kusafisha masikio. Anayewapata wote ndiye anayekwenda Bondeni, na aliyewapata wote siku zote ni mtu mmoja.

Sasa sikiliza. Mwaka jana Amos aliwapata wote kwa kuijua kanda. Alijua baada ya nani anakuja nani. Alijua kwamba kabla ya ndege wanayemwita nyusi-njano kuna kikohozi cha marehemu mume wa Pip, aliyeirekodi, na kikohozi alikisikia vizuri. Akaenda Bondeni wiki nzima, akatoka kila asubuhi akisema pasafi. Mwanzoni alisema kwa moyo mweupe, maana hajasikia kitu. Siku zilivyokwenda akaanza kujishuku. Aliporudi nyumbani alikaa majira yote ya baridi akijiuliza kama ule ulikuwa uongo au la.

Doreen, mkewe, hakuhitaji daktari kumwambia. Saa ya mkononi ya Amos ilikuwa imelia kanisani katikati ya mahubiri, watu wakageuka, mchungaji akanyamaza, na Amos amekaa kama sanamu akimngojea mchungaji aendelee. Asubuhi hiyo ya Jumapili, akifunika keki, alimwambia bila kumtazama.

"Utawaambia leo. Kabla Lewin hajakata tiketi za feri."

"Nitaona."

"Usinijibu nitaona, mzee. Hiyo nitaona yako naijua, ndiyo iliyofanya bomba la jikoni livuje mpaka Krismasi."

Amos akapanda baiskeli. Hakuwa akiogopa kuchekwa. Aliogopa kwenda Shetland kama mzigo, mtu anayebebewa nafasi kwenye gari kwa sababu ya zamani zake, anayeulizwa kama hasikii baridi.

Basi wakala. Pip alikuwa ameoka nyama na viazi, na vile vimkate vya mayai vinavyofura ambavyo watu wa Yorkshire hawawezi kukaa Jumapili bila kuvila, na mezani mabishano yakawa ya kila mwaka. Lewin alitaka wiki ya pili ya Oktoba, kwa kuwa wale wa mbali kabisa huchelewa kufika. Pip alitaka mwisho wa Septemba, kwa kuwa jiko la ile nyumba wanayopanga hutoa moshi baridi ikizidi, na mwaka jana sweta zake zilinuka mpaka Pasaka. Gwenda akauliza kwa nini wasingoje upepo ugeuke mashariki ndipo waende. Wote watatu wakamcheka kwa upendo, maana feri ya kutoka Aberdeen hujaa mapema, na nyumba zile pia.

"Upepo hauna adabu, dada," Lewin alimwambia. "Ungekuwa na adabu ningeshaununua."

"Na kamba za viatu vyako je?" Amos akasema. "Utanunua lini? Huyu mwaka jana alinifuata Bondeni, Gwenda, akasimama kila baada ya mti. Mimi niko juu kilimani, yeye ameinama anafunga kiatu. Nilimwambia anunue vile vya watoto, vya kubandika."

Lewin akacheka kidogo, akajipakulia viazi.

Vyombo vilipoondolewa Pip akatangaza kwamba kanda imekufa. Ilikuwa imekatika mwezi uliopita, na fundi amesema hata Mungu hawezi kuiunga. Lakini wasihofu, Gwenda ana sauti kwenye simu yake.

"Nimezichanganya," Gwenda alisema kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi. "Zisifuatane kama zamani."

Amos alikuwa na kipande cha keki mdomoni. Alikitafuna kwa muda mrefu sana.

Sauti ya kwanza ilikuwa nzito, akaisikia, akaitaja. Ya pili hakuisikia. Gwenda alikuwa amebonyeza, Pip ameinamisha kichwa, Lewin amefumba macho, na masikioni mwa Amos palikuwa kimya kabisa. Ndipo macho yake yakaangukia mkekani chini ya dirisha, alikolala Tangawizi, mbwa mzee wa Pip. Sikio moja la Tangawizi likainuka, polepole, mara moja, likashuka.

Mwito mmoja, unaopanda.

"Nyusi-njano," akasema Amos.

"Kama kawaida," akasema Pip.

Na ikawa hivyo. Masikio ya mbwa yakitetemeka upesi upesi mara tatu, alijua ni kidhahabu. Yakisimama yakaganda, ni yule anayevuta sauti kama uzi. Lewin alikosea mmoja, Pip akamwambia apeleke masikio yake kwa fundi wa kanda. Amos hakukosea. Jasho lilikuwa likimtoka chini ya ile kofia ya sufu, lakini hakukosea, na ndani yake, nakwambia ukweli, palikuwa na majivuno kidogo.

Kisha Tangawizi akatikisa masikio tena, upesi upesi, mara tatu.

"Kidhahabu tena," akasema Amos.

Amos akainua macho kutoka mkekani. Simu ya Gwenda ilikuwa imelala mezani, kioo chini. Gwenda mwenyewe alikuwa akilamba jibini kidoleni. Hakuwa amebonyeza kitu. Labda nzi, labda paka wa jirani huko nje, ndiye aliyeyatikisa masikio ya mbwa.

Gwenda akamtazama Amos. Akamtazama mbwa. Akaokota simu.

"Ee," akasema, "ilipiga kidogo nilipokuwa naizima. Una masikio kweli, mzee Amos."

"Nilikwambia nini?" Pip akacheka. "Huyu anaisikia hata simu iliyolala."

Lewin akakunjua ramani ya kisiwa, akaipiga pasi kwa kiganja, akaweka chupa ya haradali kwenye pembe moja ili isijikunje. Akachukua kalamu. Akaandika herufi ya jina la Amos juu ya Bondeni, pale pale ilipokuwa imeandikwa miaka yote mpaka karatasi ikachakaa.

Mambo yalikuwa yamekwisha. Amepewa Bondeni. Mgeni aliyemjua kwa saa chache tu alikuwa amemsitiri mbele ya marafiki zake, na alichotakiwa kufanya ni kunywa chai.

"Futa, Lewin," akasema.

"Nifute nini?"

"Jina langu. Simu haikulia. Nilikuwa namtazama mbwa."

Walidhani anatania. Ikabidi aeleze, na si jambo jepesi kwa mtu asiye na maneno mengi: mbwa, kanda, kikohozi cha marehemu, kidhahabu wa getini aliyefunua mdomo bila sauti. Gwenda alikuwa amejiinamia. Pip aliuliza tangu lini, kwa ile sauti yake ya wodini isiyo na huruma wala ukali.

"Muda mrefu," Amos akasema. "Mwaka jana nilisema pasafi kila siku. Nilichokuwa nasema ni kwamba mimi sijasikia. Sijui mle ndani kulikuwa na nini. Sijui nimewakosesha nini, Pip. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Lewin akainuka kwenda kujaza birika. Birika lilikuwa limejaa. Maji yakamwagika kwenye sinki, yakamlowanisha mkono wa shati, naye anaendelea kumimina.

Wodini Pip alikuwa ametazama migongo ya watu wengi wenye habari mbaya.

"Lewin Cawood," akasema. "Kaa chini."

Akakaa, na mkono umelowa.

Alisema kwamba alijua tangu siku ya pili ya safari ya mwaka jana. Amos alipita chini ya mti wenye nyusi-njano anayeita waziwazi, hata kichwa hakuinamisha. Tangu siku hiyo Lewin akawa anamaliza kuta zake mbio mbio ili amfuate Amos Bondeni, anabaki nyuma, anajifanya kiatu kimefunguka. Ndege aliowaokota nyuma ya Amos alikuja kuwasema jioni kana kwamba amewaona kwenye kuta zake.

"Wale wawili wa ukutani kwa mwenye trekta?" Pip akauliza.

"Walikuwa Bondeni."

Hapo Gwenda aliinua kichwa. Kwa watu hawa, kusema ndege alikuwa mahali asipokuwa ni jambo zito. Kuna waliovunjiwa urafiki kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini Pip hakukawia hapo. Alikuwa akikumbuka kitu.

"Na siku ile uliyokataa kula? Nilikupikia samaki, ukasema tumbo."

Lewin akaitazama ramani.

"Mwenye kinyago," akasema.

Nikueleze, maana bila hili hutaelewa kwa nini jina hilo liliwashtua wote. Mwenye kinyago ni ndege wa Siberia, umbo lake kama shomoro, uso mweusi kama aliyevaa barakoa, na juu yake nyusi pana za rangi ya bizari. Anakaa chini, kwenye vivuli, anaita kwa sauti nyembamba, tatu tatu. Kuna watu hutafuta maisha yao yote wasimwone. Lewin alikuwa mmoja wao; alikuwa akienda visiwani toka angali na nywele. Pip alikuwa mwingine. Msimu mmoja walipoletwa kadhaa na upepo, Pip alikuwa kitandani na mguu uliovunjika, anasikiliza simu ikilia, watu wanampa habari ya furaha yao.

"Alikuwa chini ya miti ya kijitoni," Lewin akasema. "Anaita. Amos alikuwa amepita pale pale muda si mrefu, alama za viatu vyake zilikuwa bado zinajaa maji. Nikachuchumaa nikamtazama. Alikuwa karibu, Pip. Nilimwona mpaka unyoya uliokaa vibaya. Kisha nikamsikia Amos kilimani, anapaza sauti, pasafi."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikampungia mkono."

Pip hakupandisha sauti. Aliuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi wakati huo. Lewin akamwambia: kwa yule bibi wa kondoo, ng'ambo ya barabara.

"Nakula biskuti," Pip akasema. "Nakula biskuti kavu za yule bibi na kumsikiliza habari za kwato. Ningefika kwa kutambaa, Lewin. Ningetambaa na mguu huu."

"Ningemwita mmoja, angeuliza mwingine. Wote mngeuliza Amos alipitaje bila kusikia."

"Ungechukua pochi yangu ningekuelewa zaidi."

Akamwita mbwa, akatoka bustanini, akauacha mlango wazi. Kupitia dirishani walimwona amesimama katikati ya kabichi zake, amewapa mgongo, mikono kiunoni.

Ungelijua kundi hilo ungeelewa kwamba hasira yake ilikuwa ya haki. Kwao ndege adimu ni wa kila mtu. Ukimwona, unakimbia kuwaita wengine hata kama una kiatu kimoja. Na ndege asiyetangazwa ni kama hakuwahi kuwapo. Lewin hawezi sasa kusimama mbele ya yeyote na kusema nilimwona mwaka jana, nikanyamaza. Nani atamwamini? Amemwona ndege wa maisha yake, na amemtupa siku ile ile.

Gwenda alianza kuosha vyombo bila kuombwa. Amos na Lewin wakabaki mezani, ramani katikati yao, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Pip aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na viatu vina udongo. Akavuta kiti.

"Haya," akasema. "Tarehe."

Wakapanga safari. Wiki ya pili ya Oktoba, kama alivyotaka Lewin. Pip alikubali ghafla, kisha akaongeza kwamba Lewin ataosha vyombo kila siku na atalala kwenye kochi la karibu na lile jiko la moshi. Lewin alikubali kama mtu aliyehukumiwa kifungo chepesi. Gwenda ataendesha gari mpaka Aberdeen. Chakula wanunue Lerwick, mji wa kule visiwani, au wabebe? Wabebe, kwa sababu mwaka ule mwingine bahari ilichafuka na maduka yakabaki na dagaa wa makopo na pilipili mboga. Ilikuwa ajabu kuwasikia wakibishana juu ya unga wa uji, sauti zao zikiwa bado zimekauka.

Ilipofika zamu ya njia, Lewin alishika kalamu akangoja. Amos akasema yeye atachukua ufukwe wa mwani. Alisema kabla hajapewa. Juu ya Bondeni likaandikwa jina la Gwenda, juu ya lile la zamani lililofutwa, na Gwenda hakufurahi kama ambavyo angefurahi asubuhi ile.

"Kuna vifaa, mzee Amos," akasema baadaye, kwa uangalifu. "Vya kuvaa sikioni. Vinaishusha sauti ya juu mpaka pale unapoweza kuisikia. Abiria wangu mmoja anacho."

"Itakuwa bado ni sauti ya ndege?"

Gwenda alifikiri. Akasema kweli hajui.

Lewin akamsindikiza Amos mpaka getini, akimshikia baiskeli kana kwamba Amos hajui kuishika. Ndani ya ua hakukuwa na kitu, au kulikuwa na kitu. Amos hakugeuka kutazama.

"Ungeniambia," Amos akasema.

"Ningekuambiaje? Ulishuka pale kilimani unacheka. Umelowa mpaka magotini, unacheka. Sijakuona hivyo tangu utoke kiwandani."

"Alikuwa ndege wako, Lewin."

"Nilimwona," Lewin akasema. "Nilikaa naye mpaka miguu ikafa ganzi."

Akampa usukani, akampigapiga begani, akarudi ndani alikokuwa na vyombo vya kukaushwa.

Amos hakupanda baiskeli. Aliisukuma njia nzima. Alimwona tena mtu yule kilimani, anapunga mkono, anapaza sauti kwa ukubwa wake wote, na safari hii alimwona kwa macho ya Lewin: mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, mwenye furaha, asiyejua. Wiki nzima alidhani anatangulia. Kumbe amefuatwa nyuma kama mtoto anayejifunza baiskeli, baba yake ameshika kiti bila yeye kujua. Moyo ukamjaa, akataka kurudi amkumbatie yule mtu. Hatua chache mbele moyo huo huo ukamgeuka, akataka kurudi amuulize amepewa na nani ruhusa ya kumfanya mzigo kimya kimya, kitu kile kile alichokuwa akikiogopa. Alisimama mara mbili njiani. Mara zote mbili akaendelea.

Doreen alikuwa mlangoni, anakung'uta kitambaa cha meza.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

Amos aliegemeza baiskeli ukutani, akatoa sahani tupu ya keki kikapuni, akaishika kwa mikono miwili bila kujua aiweke wapi. Mkewe akangoja. Nami hapo nakuuliza wewe uliyemfuata toka getini: mtu aliyemtupa ndege wa maisha yake ili wewe ubaki na furaha usiyoistahili, ungerudi kumshukuru, au ungerudi kumdai ukweli aliokunyima?